Kwaresima Niliyoacha Mkorogo

Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kuzunguka, kwa sababu kusimama zaidi ya nusu saa bado kunanishinda. Saluni ni yangu. Iko mtaa wa Hai Amarat, nyuma ya hoteli ambako mume wangu ni mpishi. Mimi ni Mkenya wa Webuye, na huu ni mwaka wangu wa tisa Juba. Wengi hapa wananijua kama Mama Imani, kwa jina la binti yangu anayesoma nyumbani Kenya. Msichana ninayefanya naye kazi, Poni, huniita Madam. Kila wiki huja mtu kuniuliza niliugua nini hasa, dalili zilianzaje, na daktari nilimpata wapi. Nimechoka kusimulia kwa mdomo. Afadhali niandike mara moja, anayetaka asome.

Nianze na kosa langu, nisije nikajifanya mtakatifu katikati ya habari. Nilikuwa natengeneza mkorogo na kuuza. Nilikuwa na ndoo nyeupe yenye mfuniko, na ndani yake nilimimina losheni, sabuni ya maji ya kung'arisha, halafu tyubu za dawa ya ukurutu ambazo duka la dawa linakuuzia kwa dazeni bila kukuuliza nani anaumwa. Hizo tyubu ndizo zilizofanya mkorogo wangu usifike mtaani tu bali uagizwe mpaka mtaa wa Thongpiny. Nilikoroga kwa mikono mitupu. Mteja akisitasita, nilimsogezea mkono wangu machoni na kumwambia, "Si unaona? Hata mimi najipaka." Na nilikuwa najipaka kweli, mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa miaka sita.

Katika miaka hiyo uso wangu uliumuka ukawa wa duara, tumbo likatangulia mbele, na mapajani nikapata michirizi ya zambarau. Nikigonga mkono kidogo kwenye beseni la kuoshea nywele, alama nyeusi ilikaa wiki mbili. Watu walisema Juba imenikubali. Mimi pia nilidhani ni unene wa raha, nikashona nguo mpya.

Sasa Kwaresima ya mwaka jana. Kikundi chetu cha akina mama kanisani kina desturi ya kuweka nadhiri pamoja, mbele ya wenzako, ili ukivunja uone aibu. Huwa tunaacha sukari, nyama, soda. Mwaka ule mwenyekiti wetu akasema vitu hivyo tumevizoea mno. Safari hii kila mtu aache kitu kinachomuuma. Sijui kiherehere gani kilinishika, nikasimama. "Mimi naacha krimu," nikasema. "Yote. Kuanzia Jumatano ya Majivu."

Walipiga vigelegele, wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. Mwenye saluni aache krimu! Lakini wakaanza kusimama na wao, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa watano, na wote watano walikuwa wateja wa ndoo yangu. Wa mwisho alikuwa Kiden, muuza samaki kutoka Rejaf, mwanamke wa maneno machache ambaye ndiye aliyenifundisha kununua vitu kwa Kiarabu cha Juba nilipofika bila kujua hata neno la maji. "Ana kaman," akasema. Mimi pia. Akaketi.

Wiki ya pili ya mfungo nilianza kuchoka. Nasema kuchoka kwa sababu sina neno jingine, lakini haukuwa uchovu wa kazi. Nilikuwa naamka asubuhi nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Magoti na viwiko viliuma. Chakula kikawa kinanitazama nami nakitazama. Nikiinama kumwosha mteja nywele kisha nikainuka, macho yalijaa giza na nilishika ukingo wa beseni mpaka lipite. Ulikuwa mwezi wa tatu, na anayejua joto la Juba mwezi wa tatu atanielewa nikisema kila mtu alikuwa hoi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Ni Poni tu.

"Madam, wewe iko nakonda," aliniambia. "Hii kufunga nakula wewe."

"Shetani hapendi nadhiri," nikamjibu.

"Shetani gani natapika watu asubuhi? Enda hospitali."

Nilikuwa na fahari ya kipumbavu. Niliamini ni vita vya kiroho, na kwamba mimi niliyesimama wa kwanza sitakuwa wa kwanza kuanguka. Ngozi yangu ilikuwa inarudi rangi yake, na kwenye kioo nilianza kumwona mama yangu mzazi. Nilipenda nilichokiona. Hiyo nayo ilinichelewesha.

Nilipokwenda, niliingia kliniki ya karibu, ile yenye benchi la mbao na feni isiyozunguka. Kijana wa maabara alinichoma kidole, akarudi na karatasi. "Malaria iko, plas tatu. Taifodi pia iko." Nikachomwa sindano siku tano. Baada ya wiki mbili nikarudi, malaria iko, taifodi iko. Nikarudi tena. Nilizoea lile benchi mpaka nikawa na mahali pangu, pembeni karibu na mlango, ambapo nikitapika nisiwasumbue watu. Kliniki ya pili wakasema ni vidonda vya tumbo. Ya tatu wakasema nina mawazo, nipumzike. Niliyemuuliza nitapumzikaje wakati kupumzika ndiko kunakonichosha, aliita mgonjwa anayefuata.

Kisha wakataka kupima virusi. Hapo ndipo nyumba yangu ilipotikisika. Mume wangu alikuja na aproni yake ya hoteli mkononi, akaketi kando yangu kwenye benchi, hakunigusa.

"Rozi, kama kuna kitu, niambie sasa."

"Kitu gani?"

"Wewe unajua. Huwezi kuisha hivi bila sababu."

"Na kama ni wewe uliyeniletea?"

Tulipimwa wote wawili, tukaitwa pamoja, tukaambiwa tuko safi. Ungetegemea tukumbatiane. Tulitoka nje tukiwa tumenuna, kila mmoja amembeba mwenzake rohoni kwa lile swali, na tulitembea mpaka nyumbani yeye mbele mimi nyuma. Hakuniomba msamaha, nami sikumwomba. Siku ya pili mama yake akapiga simu kutoka Bungoma kusema kuna mtu sokoni amenitazama kwa jicho baya na nitafutiwe mtu wa kunitazama upya. Baba Imani akamwambia, "Mama, acha kwanza." Kwa hilo neno moja nilimsamehe nusu. Nusu nyingine niliimaliza pole pole, kila asubuhi aliponiletea uji mwembamba kabla ya kwenda kazini na kungoja mpaka ninywe, hata kama ningeurudisha dakika kumi baadaye.

Kuna jambo lilitokea Juma Kuu ambalo ningelielewa mapema ningepona mapema. Dawa mojawapo ya taifodi ilinitoa vipele mwili mzima, na kliniki wakanichoma sindano ya mzio. Kesho yake niliamka nikiwa mtu. Niliinuka kitandani bila kushika ukuta. Nilikula ugali na samaki nikaomba tena. Sikukuu ya Pasaka nilicheza kanisani mpaka viatu vikanibana, na akina mama wakasema ona, nadhiri imejibiwa. Jumanne nilikuwa chini tena, vibaya kuliko mwanzo. Sikuwaza hata mara moja kuuliza ile sindano ilikuwa ya nini. Wewe unayesoma, ukichomwa sindano ukafufuka siku mbili, andika jina lake. Andika hata kwenye kiganja.

Mvua zilipoanza kunyesha nilianguka saluni, kichwa cha mteja kikiwa bado na povu mikononi mwangu. Poni alinibeba mgongoni mpaka barabarani. Mume wangu alipofika aliamua hatutarudi kliniki ya mtaani. Alinipeleka Thongpiny, mahali wanapotibiwa watu wa maofisi, na huko nikakutana na Dokta Wani.

Alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini. Alinipima presha nimelala, akaniambia nisimame, akapima tena, na kabla hajamaliza nilikuwa nimekaa sakafuni. Sukari yangu ilikuwa chini. Alinitundikia dripu, akarudi kila nusu saa yeye mwenyewe. Alisoma makaratasi yangu yote, yale ya malaria na yale ya vidonda, akayapanga kwa tarehe kitandani. Alikuwa wa kwanza kuniuliza kama kuna siku nilipata nafuu, nikamwambia ile Pasaka ya kucheza.

"Unatumia dawa gani nyingine?" akauliza.

"Hakuna."

Sikumdanganya kwa makusudi. Kwangu krimu haikuwa dawa, dawa humezwa.

Akakusanya yale makaratasi, akasema, "Mama, hapa mimi nimefika mwisho wangu. Kuna tezi mbili ndogo, zinakaa juu ya figo. Nadhani zako hazifanyi kazi. Kipimo cha kuthibitisha sina, na sitaki kukudanganya. Nenda Nairobi, tafuta daktari wa homoni. Usiende kwa daktari yeyote tu. Wa homoni."

Nilikuwa nimepewa majibu na watu wengi kufikia hapo. Huyu wa kwanza kuniambia hajui ndiye niliyemwamini. Alinipa vidonge vya kunifikisha, akaandika barua, na akanionya kwamba asubuhi ya kipimo nisimeze kidonge kabla damu haijatolewa. Maneno hayo aliyarudia mara tatu, na yalikuja kunifaa.

Akina mama wa kanisa walichanga tiketi ya ndege. Walikuja nyumbani kwa zamu. Kiden alikuja peke yake, kabla ya mvua ya mchana, na samaki wakavu ndani ya gazeti. Alikuwa amekonda. Gauni lilimning'inia mabegani, na uso wake ulikuwa wa rangi yake ya asili, mweusi mzuri ambao sikuwahi kuuona miaka yote ile.

"Rangi yetu imerudi, dada," akasema, akacheka kidogo.

"Imerudi. Na wewe umeisha hivi kwa nini?"

"Malaria. Inanitapisha."

"Malaria," nikasema. "Kunywa maji."

Tuliketi hivyo, wagonjwa wawili, tukisikiliza jenereta ya hoteli, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumsindikiza mwenzake. Nimekumbuka saa ile mara nyingi kuliko saa nyingine yoyote ya ugonjwa wangu.

Nairobi nilidhani nimefika, kumbe kutafuta ndiko kulikoanza. Mapokezi waliniuliza nataka daktari gani. Nikasema wa tezi. Wakanipeleka kwa watu wenye uvimbe wa shingo. Huko daktari akasoma barua, akaona neno figo, akanielekeza kwa watu wa figo. Nilikaa chumba cha kungojea cha watu wanaosafishwa damu kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa saba, sweta juu ya sweta, nikiwaonea huruma nao wakinionea mimi. Mzee mmoja mwenye bandeji mkononi aliniuliza mashine yangu ni namba ngapi. Nilipomwonyesha barua alivaa miwani, akaisoma yote bila haraka.

"Mama, hapa si pako," akasema. "Wako wanakaa Jumanne, chumba kimoja na watu wa sukari. Usiulize tezi. Uliza kliniki ya kisukari na homoni."

Hilo neno la yule mzee ni nusu ya sababu ya kuandika haya. Nimekutana na watu waliozunguka mwaka mzima kwa kukosa jina la mlango.

Jumanne nilikuwa kwenye foleni kabla ya mlinzi kufungua lango. Nilikuwa sijameza kidonge tangu jana yake mchana, kama Dokta Wani alivyosema, na nguvu zilikuwa zimeniishia kiasi kwamba jirani yangu, mama mwenye kisukari, alinifungulia chupa ya maji na kunishikia nikinywa. Walinitoa damu saa mbili, wakanichoma sindano, wakatoa tena baada ya nusu saa, na tena. Kisha nikaingizwa kwa daktari. Alikuwa mwanamke wa makamo, nywele zimeanza mvi, amevua viatu chini ya meza.

"Unajipaka nini?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Hata hujambo hakuwa amesema.

"Mafuta ya kawaida."

Nilijua nadanganya. Safari hii nilijua, kwa sababu aliuliza wazi. Niliogopa. Mkorogo Kenya si kitu cha kutaja ofisini, na niliona picha ya mume wangu akisikia kwamba ameniuguza miezi minne kwa kitu nilichojipaka mwenyewe. Daktari alichukua mikono yangu, akaigeuza, akatazama vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi tii. Sisi wa saluni tunavijua hivyo vifundo. Tunavichekea kwa wengine.

"Mama, sikuulizi kama polisi," akasema. "Nje kuna watu thelathini. Ukiniambia uongo nitakutibu uongo."

Nililia, nikamwambia. Ndoo, tyubu, miaka sita, mikono mitupu. Alipoona nimemaliza alinieleza kwa maneno machache, nami nayarudisha hapa kama nilivyoyashika. Zile tyubu zina dawa inayofanana na kitu ambacho zile tezi zinatengeneza. Nilipojipaka kila siku, mwili ulishiba kutoka nje, na tezi zikaona hazina kazi, zikalala. Siku niliyoacha, cha nje kikaisha na cha ndani hakikuwepo. Ile sindano ya mzio ya Juma Kuu nayo ilikuwa ndugu ya dawa hiyo, ndiyo maana ilinifufua.

"Kwa hiyo kuacha ndiko kulikoniponza?"

"Kupaka ndiko. Lakini kuacha ghafla ndiko kulikukaribisha kaburini. Uliacha lini?"

"Jumatano ya Majivu."

"Kwa nini siku hiyo?"

Nikamweleza nadhiri. Aliandika, halafu kalamu ikasimama. "Uliacha peke yako?"

Sijui nilitokaje mle ndani. Najua nilikuwa kwenye korido, nimeegemea ukuta, nampigia Poni.

"Poni, wale akina mama wa nadhiri. Wako wazima?"

"Wako, Madam. Hawa wote narudia krimu Jumatatu ya Pasaka. Ile ndoo yako mimi namaliza kuuzia wao." Alisikika kama anayeungama. "Malesh, samahani, Madam. Hawa nasema siku arobaini imeisha."

Nilimshukuru Mungu kwa udhaifu wao. Sijawahi kuomba sala kama ile na sitegemei kuirudia. "Na Kiden?"

Nikamsikia akifunga mlango wa saluni.

"Poni?"

"Madam, ongea na Baba Imani."

Mume wangu hakunizungusha. Kiden alizikwa Rejaf wiki mbili kabla, mimi nikiwa Nairobi natafuta mlango. Walikuwa wamekubaliana wote, yeye na Poni na akina mama, kwamba nisiambiwe mpaka nipate nguvu. "Tungekuambia ukirudi," akasema. "Kutapika na kuzimia. Walisema malaria na taifodi." Kiden peke yake ndiye hakurudia krimu Pasaka ilipofika. Alikuwa mtu wa neno lake, na kwa jinsi alivyoipenda rangi yake iliyorudi, hakuona sababu.

Sitasema mkorogo ndio uliomuua. Hakuna aliyempima. Dokta Wani, nilipomuuliza baadaye, alisema hawezi kujua na mimi pia siwezi. Lakini ninajua nilichokijua pale koridoni, na ukuta niliouegemea naukumbuka mpaka rangi.

Nilirudi Juba mwezi wa saba na vidonge vya haidrokotisoni, vya kushika nafasi ya kile ambacho tezi zangu hazitengenezi. Asubuhi naamka nameza kabla sijasema na mtu, saa sita nameza kidogo, na kila baada ya miezi kadhaa napimwa kama tezi zimeamka ili kipimo kipunguzwe. Zinaamka kwa uvivu. Nikipata homa ninameza mara mbili; nikitapika na kidonge hakikai, natakiwa sindano siku ileile, na sindano hiyo iko kwenye friji ya hoteli, na mume wangu amefundishwa kuichoma. Alifanyia mazoezi kwenye chungwa. Nywele zilinyonyoka zikaota nyingine. Uso wa duara umeshuka, tumbo limerudi nyuma, michirizi imebaki. Kuna siku nzuri, halafu kuna siku nafua nguo tatu nalala. Nilimwambia mume wangu kila kitu jikoni akiwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya muda mrefu. Kisha akasema, "Na mimi nilikushuku ukahaba," akaweka kisu chini, na hapo ndipo tulipomaliza lile jambo la kwenye benchi.

Wale wanne waliobaki niliwaendea. Nilidhani kazi itakuwa kuwaambia waache, kumbe ngumu zaidi ni kuwaambia wasiache leo. Waende kwa daktari kwanza, waseme ukweli, wapunguziwe taratibu. Wawili walikwenda. Mmoja alisema nimeishiwa wateja ndiyo maana natisha watu. Wa nne ananunua mkorogo kwenye saluni ya jirani. Ndoo nilishaitupa. Poni, ambaye naye alikuwa akijipaka, anapunguza kidogo kidogo chini ya jicho la Dokta Wani na ananuna kila wiki.

Kwa mama yake Kiden nilichelewa mwezi mzima. Nilisema barabara ya Rejaf ina matope, nikasema miguu, nikasema mvua. Ulikuwa woga. Mwisho Poni akanifungia duka, akasema, "Leo tunaenda." Alikuja kunitafsiria, maana mama yule huongea Kibari na mimi sikijui.

Alitukaribisha vizuri, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alituwekea viti, akatuletea chai yenye sukari nyingi, akasema binti yake alikuwa akinitaja kila mara, Mkenya wake. Nilimwacha amalize. Kisha nikaanza kusema, na Poni akatafsiri sentensi moja moja, tyubu, ndoo, nadhiri, mimi kusimama wa kwanza. Tulipofika pale pa kuacha ghafla Poni alinigeukia.

"Madam, hii mimi naweza kusema kweli?"

"Sema."

Akasema. Mama yule hakulia wala hakunifukuza. Aliuliza swali moja, na Poni alilitafsiri kwa sauti ndogo: kama ningejua, ningekuja? Nikasema ningekuja kwa magoti. Akatikisa kichwa, si kwa kukubali. Aliinuka, akaingia ndani, nasi tukabaki tumeshika vikombe, nikidhani tumeambiwa tuondoke.

Alitoka akimvuta msichana kwa mkono. Alikuwa Keji, mdogo wake Kiden, wa miaka kumi na tisa. Kwa desturi alikuwa amerithi vitu vya dada yake: magauni, viatu, na makopo matatu ya mkorogo wangu ambayo Kiden aliyaweka kando siku ya nadhiri bila kuyatupa. Uso wake uling'aa kama wa mteja wangu yeyote. Mama yake alikuwa na kopo mkono wa pili, la mwisho, limebaki kidogo chini. Alilinyanyua alitupe uani.

Nikamdaka mkono. Nilikuwa mbele ya mama niliyemharibia mtoto, ananiona nimemshika asitupe kile kilichomharibu, na maneno yaliyonitoka yalikuwa, "Usitupe. Leo asiache. Poni, mwambie haraka, leo asiache."

Poni alieleza kwa muda mrefu. Nilimwona yule mama akisikia, akikataa, akisikia tena. Alinitazama kwa chuki ambayo naistahili, na hakuniambia amenisamehe. Kisha akafunika kopo, akalifunga ndani ya kitenge chake.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kwenye benchi la Dokta Wani, Keji katikati yetu, kopo mapajani mwa mama yake. Nesi alipoita jina walisimama wote wawili. Mama akageuka, akanikamata kiwiko, nami nikainuka nikaingia nao, nikaseme ndani ya kopo mlikuwa na nini.